Kumsimamia meneja wa shirika la umma: mwongozo kwa madiwani na wajumbe wa bodi wa Unguja na Pemba

Maji yasipotoka Mwanakwerekwe anayeulizwa kwanza ni diwani. Taka zikirundikana karibu na skuli kule Wete, anayeulizwa ni diwani vilevile, hata kama gari, dereva na mafuta viko chini ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo sababu madiwani wengi huanza kazi kwa kumpigia simu meneja, kumgombeza, kuahidiwa, kisha mwezi unaofuata kuanza upya. Meneja hasimamiwi kwa simu. Husimamiwa kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, kwa hesabu inayoweza kuthibitishwa, na kwa kikao chenye tarehe. Hayo matatu yakikosekana, ukali wa diwani haumfikishi popote.

Kwanza ujue hatamu iko mikononi mwa nani

Kosa linalokula muda mwingi ni kumdai hesabu mtu asiyewajibika kwako. Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta karatasi inayoonesha chombo kimeundwa vipi, kinamilikiwa na nani, na nani anamteua anayekiongoza. Kwetu Zanzibar utakutana na aina nne.

Aina ya kwanza ni mashirika na mamlaka za Serikali ya Mapinduzi zilizoundwa kwa sheria zake zenyewe: Shirika la Umeme (ZECO), Mamlaka ya Maji (ZAWA), Shirika la Bandari, Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC). Haya hayamilikiwi na baraza la manispaa wala halmashauri ya wilaya. Yana bodi, yana waziri, na mtaji wa umma uliomo unafuatiliwa na Ofisi ya Msajili wa Hazina. Baraza lako haliwezi kumwajibisha mkurugenzi wake, ila lina njia nyingine, na nitazieleza mbele.

Aina ya pili ni kampuni zilizosajiliwa zenye hisa za umma, mfano wake mkubwa ukiwa Benki ya Watu wa Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1966. Hapa mwenye sauti ni mwenye hisa, naye huitumia sauti hiyo kwenye mkutano mkuu na kupitia wajumbe anaowaweka kwenye bodi. Baraza likiwa na hisa mahali popote, jambo la kwanza ni kuwa na cheti cha hisa mkononi na kujua asilimia yake. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na asilimia 51 ya kampuni ya mabasi ya UDA na Serikali asilimia 49. Mvutano kuhusu uuzaji wa hisa zile uliendelea kwa miaka. Hisa zisizofuatiliwa kila mwaka huja kuwa kesi.

Aina ya tatu ndiyo iliyo chini yenu moja kwa moja: marikiti, vituo vya daladala, machinjio, vyoo vya kulipia, maegesho, kumbi, magari ya taka. Mara nyingi hivi havina bodi wala usajili wa peke yake. Meneja ni mtumishi wa baraza, bosi wake ni Mkurugenzi wa baraza, na madiwani wanamfikia kupitia Mkurugenzi na Kamati ya Fedha. Sheria mama hapa ni Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma Namba 12 ya 2016 na Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016.

Aina ya nne ni mali ya umma iliyokabidhiwa mkandarasi au mwekezaji kwa mkataba. Huyu hasimamiwi kwa kanuni za utumishi. Anashikwa na vifungu vya mkataba. Kama mkataba haukuandika kwamba lazima alete taarifa ya mauzo kila mwezi, hutaipata kwa kumuomba. Soma mkataba wote, ukitafuta mambo manne: analipa kiasi gani na lini, baraza lina haki gani ya kuangalia vitabu vyake, nani anatengeneza jengo likiharibika, na mkataba unavunjwaje.

Kusimamia ni tofauti na kuendesha

Diwani anayeingia sokoni na kumpangia meneja nani apewe kizimba amekwisha kujifunga mikono. Siku makusanyo yakishuka, meneja atamjibu kwa adabu kamili: "Mheshimiwa, wale ulioniletea ndio hawalipi." Mpaka uwe hivi: baraza linaweka lengo, linapitisha bajeti na bei, linapokea taarifa na kuzihakiki, linachukua hatua. Meneja anaajiri vibarua kwa utaratibu, anagawa vizimba kwa orodha iliyobandikwa, ananunua ndani ya bajeti, anakusanya. Ukivuka mpaka huo kumsaidia jamaa yako, umemfungulia na yeye mlango.

Nchi hutofautiana katika hili. Ujerumani, madiwani hukaa kwenye bodi za usimamizi za kampuni za miji za umeme, maji na usafiri, zile ziitwazo Stadtwerke. Afrika Kusini imechukua njia nyingine: sheria yao ya mifumo ya manispaa inamkataza diwani kuwa mkurugenzi wa kampuni ya manispaa yake. Kwa visiwa vyetu, ambako meneja anaweza kuwa mtoto wa mjomba na mkandarasi ni mwenzako wa msikitini, mimi naiona njia ya Afrika Kusini kuwa salama zaidi. Diwani akae Kamati ya Fedha akiuliza. Asikae kwenye bodi akijibu.

Ukaribu huo hauondoki, kwa hiyo uandikwe. Mwanzo wa kila kikao mwenyekiti aulize nani ana maslahi kwenye ajenda: kizimba, zabuni, ndugu wa damu au wa ndoa aliyeajiriwa, deni. Anayetaja anatoka nje wakati wa uamuzi na muhtasari unaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kumwambia mtu "wewe huna tabu, kaa tu" ni kumtia matatani yeye mwenyewe, kwa sababu viongozi wa umma wanabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015 na Tume inayoisimamia.

Mkataba wa utendaji

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Mkataba wa utendaji wa meneja usainiwe kabla ya 1 Julai. Ukisainiwa Novemba, robo nzima na zaidi imepita bila lengo, na meneja ana haki ya kusema hakujua anapimwa kwa nini.

Vipimo visizidi sita au saba. Kwa marikiti, hivi vinatosha: makusanyo kwa kulinganisha na yanayowezekana, asilimia ya vizimba vyenye mkataba wa maandishi, deni lililozidi siku 90, taka kuondolewa kabla ya saa nne asubuhi, saa ambazo vyoo viko wazi na vina maji, na hoja za ukaguzi (maswali ya mkaguzi yanayodai jibu) zilizofungwa. Kila kipimo kiwe na chanzo cha ushahidi kilichotajwa humo humo: taarifa ya benki, daftari la vizimba, buku la magari. Kipimo kisicho na chanzo kitajazwa kwa maneno.

Tazama kwa makini lengo la makusanyo, kwa sababu hapo ndipo mikataba mingi inapooza. Desturi ni kuchukua ya mwaka jana na kuongeza asilimia 10. Maana yake, meneja aliyekusanya kidogo mwaka jana anazawadiwa lengo jepesi mwaka huu, na aliyejitahidi anaadhibiwa. Lengo litokane na uwezo wa mahali, nao hupatikana kwa kuhesabu, kama tutakavyoona.

Lengo la pili linaloharibu ni faida peke yake. ZSTC hununua karafuu za mkulima wa Pemba kwa sera inayotaka mkulima apate sehemu kubwa ya bei ya soko la dunia. Ukilipima shirika la namna hiyo kwa faida tu, njia nyepesi ya kufaulu ni kumpunja mkulima. Vivyo hivyo meneja wa marikiti anayepimwa kwa fedha peke yake ataacha vyoo vife na mitaro izibe, maana ukarabati unakula fedha na hauoneshi chochote kwenye karatasi ya mapato. Basi andikeni huduma ambayo shirika linatakiwa kuitoa hata kama haina faida, na mwandike nani anaigharamia. Baraza likitaka wazee na wenye ulemavu wasilipe ushuru, lisamehe kwa maandishi na kukata kiasi hicho kwenye lengo la meneja. Lisimwachie msamaha wa mdomo unaokuja kuwa pengo lake.

Karatasi moja kila mwezi

Taarifa ya kurasa arobaini haisomwi. Taka karatasi moja, ifike kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, ikiwa na: makusanyo yaliyokadiriwa na yaliyopatikana, fedha zilizoingia benki, matumizi makubwa matano, madeni ambayo shirika linadai na yale linalodaiwa, yakigawanywa kwa umri (siku 30, 60, 90 na zaidi), idadi ya wafanyakazi na vibarua, na malalamiko yaliyopokelewa na yaliyojibiwa. Iambatanishwe na taarifa ya benki yenyewe, isiwe muhtasari wake.

Robo mwaka ikiisha, kamati ikae ndani ya mwezi mmoja, ilinganishe na bajeti, na maazimio yaandikwe kwa sura ya nani, nini, lini. "Meneja aongeze jitihada" si azimio. "Meneja alete orodha ya wadaiwa 30 wakubwa na mpango wa malipo ifikapo 15 Novemba" ni azimio, na kikao kinachofuata kitaanza kwa kuuliza hilo.

Hesabu za mwaka zifungwe mapema. Afrika Kusini, kampuni ya manispaa hupewa miezi miwili tu baada ya mwaka kwisha kumpelekea mkaguzi mkuu hesabu zake. Jiwekeeni tarehe ya ndani iliyo mbele ya ile inayotakiwa na mkaguzi wenu, angalau kwa wiki nne. Meneja anayechelewesha hesabu mwaka hadi mwaka anahitaji kuulizwa kwa nini kabla ya kuulizwa jambo jingine lolote.

Jihadharini na kulinganisha miezi. Biashara zetu zinafuata kalenda mbili, na Ramadhani husogea siku kama 11 kila mwaka. Machi 2025 karibu mwezi mzima ulikuwa Ramadhani. Machi 2023 Ramadhani iliingia wiki ya mwisho tu. Ukilinganisha Machi na Machi utamsifu au kumlaumu meneja kwa jambo la mwandamo wa mwezi. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, wiki ya Idi na wiki ya Idi. Mnada wa samaki nao hupungua kusi ikivuma kwa nguvu, na masoko ya Pemba huchangamka karafuu zikivunwa vizuri. Haya yaandikwe pembeni ya lengo tangu mwanzo, yasije kugeuzwa visingizio mwishoni.

Kuhesabu kwa macho

Sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na inahitaji kalamu, daftari na asubuhi mbili tu.

Chukueni marikiti ya mfano yenye vizimba 240, ushuru shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 za kazi. Uwezo wake kamili ni 240 × 1,000 × 26, yaani shilingi 6,240,000 kwa mwezi. Sasa nendeni mkahesabu. Chagueni siku moja ya katikati ya wiki na siku moja ya pirikapirika, bila kutoa taarifa. Mmoja aanze mlango wa mbele, mwingine wa nyuma, kila mmoja aandike namba ya kizimba na kama kina biashara. Mkutane katikati, mlinganishe. Ramadhani msihesabu asubuhi. Soko huchangamka baada ya alasiri, na hesabu ya asubuhi itaonesha soko limekufa.

Tuseme mmekuta vizimba 200 vinafanya kazi. Makusanyo yanayowezekana kwa kweli ni 5,200,000. Benki zimeingia 3,900,000. Pengo ni 1,300,000, robo nzima ya kinachotakiwa. Msitamke neno wizi bado. Pengo lina vyanzo vitano, na kila kimoja kina ushahidi wake: waliosamehewa (barua za msamaha), wanaodaiwa (daftari la wadaiwa), siku soko lilipofungwa (taarifa ya tukio), fedha zilizokusanywa zikachelewa kupelekwa benki (tarehe za risiti na tarehe za benki), na fedha zilizochukuliwa. Ondoeni vinne vya mwanzo kimoja kimoja. Kinachobaki ndicho cha kuulizwa.

Chanzo cha nne kinatazamwa hivi. Vuteni risiti kumi za wiki moja, mzitafute benki. Fedha ya Jumatatu iliyoingia benki Jumatano ya wiki ya pili ina maana kuna mtu alikuwa anaitumia katikati, hata kama mwishoni iliingia yote. Mchezo huu hujificha kwa kutumia makusanyo ya leo kuziba ya juzi, na hukamatwa kwa kuhesabu fedha taslimu ghafla, vituo vyote kwa wakati mmoja. Mkihesabu kituo kimoja leo na cha pili kesho, fedha zile zile zitahesabiwa mara mbili.

Panapotumika risiti za karatasi, ombeni daftari la kutolea vitabu vya risiti. Kila kitabu kina namba za mfululizo. Kila kilichotolewa lazima kiwe mahali fulani: kimerudi kikiwa kimetumika, kimerudi kikiwa kitupu, au kiko kwa mkusanyaji anayejulikana. Kitabu kisichojulikana kilipo ni hatari kuliko fedha iliyopotea, kwa sababu kinaendelea kukusanya. Risiti iliyoharibika ibaki kitabuni na nakala zake zote. Panapolipwa kwa namba ya malipo ya ZanMalipo, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, hatari hubadilika sura: tafuteni ankara zilizofutwa au kupunguzwa baada ya kutolewa, na nani aliyeruhusiwa kuzifuta.

Mafuta ya magari ya taka yana hesabu yake. Tuseme buku la gari linaonesha safari 52 kwa mwezi kwenda jaani na kurudi, kilomita 38 kila moja. Hizo ni kilomita 1,976. Lori la mizigo likiwa linakwenda kilomita 3 kwa lita, linahitaji lita 659 hivi. Stakabadhi zinasema zimenunuliwa lita 900. Lita 241 zinatafutwa. Huenda injini ni kuukuu, huenda gari husimama linanguruma saa nzima wakati wa kupakia. Jueni kwa kujaribu: jazeni tangi mpaka juu, andikeni kilomita, lifanye kazi siku nzima huku mtu wenu yumo, jazeni tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Kama dashibodi ya kilomita haifanyi kazi, itengenezwe wiki hiyo hiyo. Gari la umma lisilo na kipimo cha kilomita halisimamiki.

Ununuzi

Nikiwa na saa moja tu ya kuangalia vocha, naiweka yote hapa. Zipangeni kwa jina la muuzaji, msizipange kwa tarehe. Mara moja mtaona kama kazi moja imekatwa vipande: bati za paa moja zimenunuliwa kwa stakabadhi tatu ndani ya siku nne, kila moja chini kidogo ya kiwango kinachotaka zabuni. Angalieni nukuu za bei tatu: je, zina makosa yale yale ya tahajia, anuani zinazokaribiana, au namba za simu zinazofanana? Angalieni tarehe: hati ya kupokea vitu iliyoandikwa kabla ya hati ya kuagiza ina maana karatasi zimetengenezwa baadaye. Kisha nendeni mkavione vitu vyenyewe. Pampu iliyolipiwa iko wapi, na namba yake ya kiwandani ni ile iliyoandikwa kwenye ankara?

Namna ya kuuliza

Swali la kikao lipelekwe kwa maandishi siku saba kabla. Meneja anayeulizwa ghafla hujibu "nitafuatilia" na ana haki. Barua iwe fupi kama hii:

"Kwa kikao cha Kamati ya Fedha cha tarehe 22 Oktoba, tafadhali wasilisha ifikapo tarehe 15: taarifa ya benki ya Septemba, orodha ya vizimba ikionesha namba, mwenye mkataba na kiasi anachodaiwa, daftari la vitabu vya risiti kuanzia 1 Julai, na majibu ya hoja za ukaguzi zilizo wazi, kila hoja na ushahidi wake."

Inasainiwa na mwenyekiti, inapitia kwa Mkurugenzi, inapigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri itunzwe na katibu wa kamati.

Hoja za ukaguzi ziwe na jedwali lao la kudumu: namba ya hoja, mwaka, kiasi, anayehusika, tarehe ya kujibu, na kama Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu imekubali jibu. Hoja inafungwa na mkaguzi. Meneja hawezi kuifunga kwa kuandika "imefanyiwa kazi". Ikijirudia mwaka wa tatu, iacheni kuwa hoja ya karatasi na muitazame kama tabia.

Mkaguzi wa ndani apate nafasi ya kuzungumza na kamati meneja akiwa nje, hata kwa robo saa. Anayeripoti kwa mtu anayemkagua tu, taarifa zake hulainika.

Mambo yakienda mrama

Hatua ziende kwa ngazi, na kila ngazi iache karatasi. Kwanza barua ya kutaka maelezo, siku 14. Maelezo yasipotosheleza, mpango wa marekebisho wa siku 90 wenye vipimo vitatu hadi vitano na mapitio kila siku 30. Ukishindikana, ukaguzi maalumu. Baada ya hapo, pendekezo la nidhamu kwa mamlaka iliyomteua au kumwajiri. Baraza lisitangaze mkutanoni kwamba limemfukuza mtu ambaye halikumwajiri. Atarudi kazini akiwa na ushindi mkononi na baraza litakuwa limepoteza heshima na pengine fidia.

Mkiona dalili ya jinai, utaratibu hubadilika. Msianze kwa kumuuliza mhusika. Kwanza vitabu vya risiti, madaftari na stakabadhi vichukuliwe kwa hati ya makabidhiano, vifungiwe kwa Mkurugenzi au mkaguzi wa ndani, na haki ya mhusika kuingia kwenye mfumo wa malipo isitishwe. Kisha jambo lipelekwe kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar (ZAECA). Kesi nyingi hufa kwa sababu kamati iliyojaa hamasa ilimpa mtuhumiwa wiki mbili za kujieleza huku funguo za kabati zikiwa mfukoni mwake.

Zaidi ya hayo, baraza lijitazame. Mara nyingi mdaiwa mkubwa wa shirika la umma ni taasisi ya umma yenyewe: maji ya ofisi, taa za barabarani, ukumbi uliotumiwa bila malipo. Meneja hawezi kufikia lengo huku msimamizi wake ndiye hajalipa. Deni la baraza liwe mstari wa kwanza kwenye orodha ya wadaiwa.

Mashirika yasiyo yenu

Kwa ZAWA, ZECO na wenzao, nguvu ya diwani ni kumbukumbu. Sheha wa kila shehia afungue daftari: tarehe, eneo, tatizo, saa lilipoanza, saa lilipokwisha, namba ya taarifa aliyopewa. Miezi mitatu ya daftari hilo inazungumza kuliko mikutano kumi. Barua ya kwanza iende kwa ofisi ya shirika ya wilaya au ya Pemba, ya pili kwa mkurugenzi mkuu, na isipojibiwa iende kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA), nakala kwa Mwakilishi wa jimbo. Mwakilishi ndiye anayeweza kuuliza swali kwenye Baraza la Wawakilishi, na kamati ya Baraza hilo inayochunguza hesabu za Serikali na mashirika, ile tunayoiita PAC, ndiyo yenye uwezo wa kumweka mkurugenzi mbele ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu.

Mkipata nafasi ya kuuliza, ulizeni kuhusu hatari, msiulize kuhusu bili tu. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa sababu ilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka Bara. Swali ambalo bodi ya shirika lolote la huduma inapaswa kulijibu kila mwaka ni hili: ni kifaa kipi kimoja ambacho kikifa huduma yote inakufa, kina umri gani, na cha akiba kiko wapi? Kwa maji ongezeni la pili: mwezi uliopita mlizalisha mita za ujazo ngapi na mkatoza ankara kwa ngapi kati ya hizo? Anayezalisha 100,000 na kutoza 58,000 anapoteza asilimia 42, na aeleze ngapi zinavuja bombani na ngapi zinatumika bila mita.

Meneja anapoondoka

Uhamisho huja kwa barua ya ghafla, na makabidhiano ya haraka hufuta madhambi ya miaka. Orodha ya makabidhiano iwe tayari wakati wote: funguo, vitabu vya risiti kwa namba, magari na kilomita zake, mikataba ya wapangaji, kesi zilizo mahakamani, madeni ya pande zote, wenye saini benki, watumiaji wa mfumo wa malipo. Kasha la fedha lifunguliwe mbele ya anayetoka, anayeingia na mkaguzi wa ndani, lihesabiwe noti kwa noti, na wote watatu wasaini siku hiyo hiyo. Saini ya benki ya anayetoka ifutwe kabla hajapanda boti, na anayeingia asitie saini kwenye kitu ambacho hakukiona kwa macho yake. Pale asipokiona aandike "hakikuonekana" na tarehe.